Ukihisi Baridi, Vua Soksi

Leo nazungumzia miguu, na naanza na ya kwangu, maana anayemcheka mwenzake lazima kwanza ajicheke mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Minnesota, Marekani, kumtembelea dada yangu. Ilikuwa Januari. Binti yake, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na moja, anajifunza kuteleza kwenye barafu kwa mitindo. Ni ule mchezo tunaouona kwenye televisheni wakati wa Olimpiki ya majira ya baridi: mtu anaruka, anazunguka hewani kama pia, anatua kwa mguu mmoja, kisha anatabasamu kama vile hakufanya kitu. Akaniomba nimsindikize uwanjani. Nami nikaona haya kukaa kando nimejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Nikasema nitakodi viatu, nijaribu.

Basi nikajiandaa kama mtu wa Tanga anavyojiandaa kwa baridi. Nilivaa soksi za pamba, juu yake nikavaa za sufu, na juu ya hizo nikaongeza nyingine nene ambazo dada yangu huvaa akiwa nyumbani. Viatu vikakataa kuingia. Nikavisukuma, nikavilazimisha, nikafunga kamba kwa nguvu kama ninayefunga mzigo juu ya basi. Dakika kumi hazikwisha. Vidole vikaanza kuchoma, halafu vikaacha kuchoma, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu sikuvisikia tena. Nilikuwa nimesimama juu ya magogo mawili.

Yule mtoto akanijia akiteleza kinyumenyume, akaniangalia miguu. "Mama mdogo, umevaa soksi ngapi?" Nikamwambia. Akashika mkono wangu, akanipeleka kwenye benchi. "Vua mbili. Baki na moja."

Nilidhani ananitania. Lakini nilivua, nikafunga kamba upya kama alivyonielekeza, nikarudi kwenye barafu. Baada ya muda miguu ikaanza kuwasha na kuchomachoma, kisha ikapata uvuguvugu. Nikabaki najiuliza: imekuwaje mguu uliovuliwa nguo ndio ukapata joto?

Jibu lake, msikilizaji, ndilo jambo lote nililonalo leo. Soksi haina moto. Kazi ya soksi ni kutunza joto ambalo tayari lipo, na joto la mguu huletwa na damu. Damu inasukumwa na moyo, inashuka kifuani, inapita nyongani, gotini, kifundoni, na vidole vya miguu ndiyo kituo cha mwisho cha safari hiyo ndefu. Ukikibana kiatu, umefunga barabara. Damu isipofika, joto halifiki, hata ukivaa soksi za kondoo kumi.

Kuna jambo la pili. Kinachozuia baridi ndani ya soksi si uzi wenyewe. Ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Unalijua godoro la sufi lililolaliwa miaka kumi bila kuchambuliwa? Limekuwa gumu kama ubao na halina joto tena. Soksi tatu zilizoshindiliwa ndani ya kiatu kimoja huwa hivyo hivyo. Hewa imetoka, umebaki umevaa ubao.

Tena baridi yenyewe haitoki juu tu. Barafu ya mchezo huu huwekwa kwenye nyuzi kama 3 au 4 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwa wale wa magongo ya barafuni hugandishwa zaidi ili iwe ngumu na ya kasi, lakini wachezaji wa mitindo wanataka barafu laini kidogo, inayoshika chuma wanapotua. Hata hivyo ni barafu, na wewe umesimama juu yake kwa bapa la chuma lililokazwa kwa skrubu kwenye soli. Chuma hakina roho ya huruma. Kinapitisha baridi kama sufuria inavyopitisha moto wa jiko. Ndiyo maana soli ya ndani iliyotengenezwa kwa manyoya yaliyoshindiliwa au kwa gome la mti wa koki inasaidia kuliko soksi ya ziada, mradi iwe nyembamba na isiviibie vidole nafasi yake.

Sasa tuje kwenye kiatu chenyewe. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na viatu hivi ukivitazama kwa mbali ni vizuri mno: vyeupe, virefu, vinang'aa. Ukivishika utashangaa. Ngozi yake ni ngumu, imeimarishwa pande zote, kwa sababu mchezaji anaporuka na kutua, mguu mmoja unabeba mara kadhaa ya uzito wa mwili wake, juu ya bapa lenye unene wa milimita nne hivi. Kifundo kikiyumba hapo, kimekwenda. Kwa hiyo kiatu lazima kiushike mguu. Kuushika si kuukaba. Tofauti ya hayo mawili ndiyo tofauti ya mchezaji anayefurahi na anayelia.

Makosa ya wazazi wetu wengi walioko ughaibuni nayafahamu, kwa sababu ni makosa tuliyolelewa nayo. Mtoto anaanza darasa la kwanza, ananunuliwa viatu vikubwa ili "akue navyo", mbele vinajazwa gazeti. Tulikwenda shule hivyo, na hatukufa. Lakini kwenye barafu mguu unaoogelea ndani ya kiatu ni balaa. Kisigino kinapanda na kushuka, ngozi inachubuka, malengelenge yanatoka, na mtoto anakaza kamba kupita kiasi ili azuie ule mchezo wa ndani. Akikaza, damu inazuiwa. Unaona? Kiatu kikubwa nacho kinaleta baridi, ila kwa njia ya mzunguko.

Hapa namkumbuka Mabel Fairbanks. Alikuwa Mmarekani Mweusi, alizaliwa mwaka 1915, na alikulia maisha ya shida. Alipowaona watu wakiteleza katika bustani ya Central Park, New York, akatamani. Viatu alivyoweza kununua vilikuwa vya mtumba, vimemzidi kwa saizi mbili. Akavijaza pamba, akaanza. Uwanja ulimfukuza kwa sababu ya rangi yake. Akarudi, na akarudi tena, mpaka wakamruhusu. Hakupewa nafasi ya kushindana katika mashindano makubwa ya nchi yake, lakini alikuja kuwa kocha. Ndiye aliyewaunganisha Tai Babilonia na Randy Gardner wakiwa watoto, na wawili hao wakawa mabingwa wa dunia wa kuteleza kwa jozi mwaka 1979. Mwaka 1997 Marekani ikamwingiza katika orodha ya mashujaa wa mchezo huo, Mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo.

Nimheshimu Mabel Fairbanks mpaka mwisho. Lakini ile pamba alijaza kwa kukosa. Wewe mwenye uwezo wa kuchagua saizi usiigeuze shida yake kuwa mtindo.

Saizi sahihi unaijuaje? Kama una kalamu, chukua. Vaa kiatu ukiwa na ile soksi utakayochezea, si nyingine. Simama wima: vidole viguse mbele kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kunja magoti: vidole virudi nyuma kidogo, na kisigino kibaki palepale, kisinyanyuke. Kisha jaribu kuvichezesha vidole. Vikicheza, damu inapita. Vikikataa, rudisha kiatu dukani. Usishangae ukikuta namba imepungua kwa moja au moja na nusu kuliko kiatu chako cha kutembelea; ndivyo vilivyo. Na nenda kupima mchana au jioni, maana mguu wa jioni umevimba kidogo kuliko wa alfajiri.

Viatu vipya vitakuumiza, hilo nisikufiche. Lakini mafundi wanaojua kazi hii wana namna zao. Viatu vingi vya siku hizi huwekwa kwenye tanuri maalumu mpaka vilainike, halafu mchezaji anavivaa vikiwa vya vuguvugu ili vichukue umbo la mguu wake. Pale mfupa unapobanwa, fundi huipanua ngozi ya kiatu mahali hapo tu. Tafadhali, kazi hiyo mwachie yeye. Usiviingize kwenye oveni ya nyumbani ukasema uliambiwa na redio. Wewe kazi yako ni kuvizoeza taratibu: leo dakika ishirini, kesho zaidi kidogo, na panapochubuka weka kipande cha jeli kabla lengelenge halijatoka.

Tumefika kwenye kamba, na kamba zina historia. Zamani watu hawakuwa na viatu maalumu. Walichukua bapa la chuma, wakalifunga chini ya kiatu cha kawaida kwa mikanda ya ngozi. Ili chuma kisihame, mikanda ilibidi ikazwe hasa, na mguu ukalipa gharama. Akatokea Jackson Haines, Mmarekani mcheza dansi, akaachana na mikanda na kulikaza bapa moja kwa moja kwenye buti kwa skrubu. Katika miaka ya 1860 akavuka bahari kwenda Ulaya, na mji wa Vienna ukampokea kwa shangwe, kwa sababu aliteleza akicheza muziki. Mtindo wake ndio uliozaa mchezo tunaouona leo. Watu wanazungumzia madaha yake, lakini mimi nadhani miguu yake pia ilistahili pongezi.

Na ukidharau kamba, mkumbuke Tonya Harding. Mwaka 1994, kwenye Olimpiki ya Lillehammer, Norway, alianza onyesho lake, akasimama katikati huku analia, akawaendea majaji na kunyanyua mguu mbele yao awaonyeshe kamba ya kiatu. Ilikuwa imemharibikia. Dunia nzima ikatazama. Wakamruhusu atengeneze na arudi baadaye, akamaliza wa nane. Mchezaji wa Olimpiki, na kamba ya kiatu! Kwa hiyo kagua kamba zako, na weka nyingine ndani ya mkoba.

Kufunga nako kuna kanuni, ile niliyofundishwa na mtoto wa dada yangu. Gawa kiatu mara tatu. Sehemu ya vidole, legeza. Kamba zishike tu zisitanue. Sehemu ya katikati, pale mguu unapokunja kuelekea kifundoni, kaza vizuri, kwa sababu hapo ndipo kisigino kinapofungiwa nyumbani kwake. Sehemu ya juu kabisa, legeza tena kiasi cha kuingiza kidole, ili uweze kukunja goti. Mimi siku ile nilikaza zote sawasawa, kuanzia chini hadi juu. Baada ya dakika kumi au kumi na tano za kuteleza, ngozi ya kiatu ikishapata joto, toka, kaa, fungua, funga upya. Wachezaji wazoefu wanafanya hivyo bila kuona haya.

Kuna msemo kwamba heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Kwenye barafu ulimi nao una maneno yake. Nasema ulimi wa kiatu. Ukikaa upande, ukijikunja, au kamba zikiukandamiza mahali pamoja, unauma mbele ya kifundo mpaka mishipa inavimba. Kwa hiyo unapofunga, uvute ulimi juu, uuweke katikati, ulale sawasawa. Usiuache ukasema ovyo.

Msikilizaji, adui mwingine ni mtu wa kwetu kabisa: jasho. Tunadhani jasho ni la Dar es Salaam mwezi wa Februari. Lakini mguu uliofungwa kwenye ngozi nzito unatoka jasho hata penye barafu, na soksi ya pamba inalinywa na kukaa nalo. Unyevu unapoa, mguu unapoa nao. Ndiyo maana wachezaji wengi huvaa soksi nyembamba ya sufu laini au ya nailoni, au soksi ndefu za kubana, na wengine hucheza bila soksi kabisa. Pamba waachie mashuka. Na usitoke nyumbani umevaa soksi utakayochezea; ukitembea nayo kutoka kwenye kituo cha basi, utafika tayari imelowa. Beba kavu, ubadilishe palepale kwenye benchi.

Ukimaliza, futa bapa na soli, panua ulimi wa kiatu, uache kikauke kwa hewa ya ndani ya nyumba, si juu ya hita. Ile mifuniko migumu ya plastiki unayotembelea nje ya barafu usiiache usiku kucha, inafungia maji na chuma kinashika kutu. Livishe bapa kitambaa. Na ninyi mlioko Minnesota, Toronto au Oslo, msiviache viatu ndani ya buti ya gari usiku wa baridi. Asubuhi utaingiza mguu kwenye jokofu, na hakuna soksi itakayoukomboa.

Vipi vile vifuko vidogo vinavyotoa joto vikipata hewa? Vina unga wa chuma unaopata kutu kwa haraka, na kutu hiyo ndiyo inayotoa joto. Ndani ya kiatu kilichobana, hewa ni kidogo na nafasi hakuna. Viweke ndani ya viatu wakati unangoja zamu yako, vitoe, ndipo uvae. Njia bora zaidi ni ile ya bure: kabla ya kukanyaga barafu, ruka kamba, chuchumaa na kuinuka, panda ngazi kwa dakika kumi, damu ianze safari. Vaa kofia na fulana ya joto kifuani, maana mwili ukihisi baridi tumboni na kifuani, unaita damu irudi kulinda moyo na maini, na vidole ndivyo vya kwanza kunyimwa. Kwa hiyo wakati mwingine dawa ya miguu ni kofia.

Wachezaji wa zamani waliijua baridi ya vidole kwa uchungu. Hadi mwaka 1990 mashindano yalikuwa na sehemu ya kuchora maumbo: mchezaji anachora duara na namba nane juu ya barafu kwa makali ya chuma, polepole, tena na tena, majaji wanainama kukagua mistari. Jina la mchezo huu kwa Kiingereza limetokana na maumbo hayo. Hebu fikiria mwendo wa polepole hivyo kwa masaa, bila kuruka, bila kutoka jasho, na mashindano ya dunia yaliendelea kufanyika nje, chini ya anga, hadi Vienna mwaka 1967. Wenzetu wale walistahili medali ya vidole.

Sasa niseme jambo moja kwa uzito. Vidole vikigeuka vyeupe kabisa, kisha vya buluu, kisha vyekundu, na ikawa hivyo kila unaposhika baridi, hayo si mambo ya soksi. Daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliieleza hali hiyo mwaka 1862, na inaitwa kwa jina lake: mishipa midogo ya damu inajifunga kupita kiasi. Ngozi yetu nyeusi inaweza kuficha rangi hizo, kwa hiyo angalia chini ya kucha na kwenye nyayo, na usikilize ganzi. Muone daktari. Mwenye kisukari naye awe mwangalifu mara mbili, kwani mguu wake unaweza kuchubuka asijue. Na mguu uliokufa ganzi usiutumbukize kwenye maji ya moto wala kuusogeza kwenye hita. Hausikii, utaungua huku unacheka. Vua kiatu, ukaushe, ushike kwa mikono yako, au uufunike kwa blanketi mpaka urudi wenyewe.

Huenda uko Mwanza unajiuliza, haya yananihusu nini? Kiwanja cha barafu hakiko mbali kama unavyodhani. Nairobi kilifunguliwa kimoja mwaka 2005, kwenye hoteli ya Panari katika barabara ya Mombasa, na vijana wa Kenya wa timu ya Ice Lions wamejifunzia magongo ya barafuni hapo. Dubai, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi, kipo ndani ya jengo la maduka, nje jua linachoma. Leo au kesho mtoto atakuomba umpeleke.

Siku hiyo, usivunje kabati kutafuta soksi zote za nyumba. Mchukulie jozi moja nyembamba, kavu, na kofia. Omba saizi inayomkaa. Mfunge kamba kwa mkono wa mzazi, zilegee vidoleni na zishike kisiginoni. Akikuambia miguu inauma, usimwambie avumilie. Mtoe, mvue viatu, vitazame vidole vyake. Kisha mfunge upya, mrudishe akacheze.

Mimi nakuaga hapo. Kwaheri, na miguu yako iwe na joto.